Uvimbe wa farasi unaoletwa na kirusi cha ng'ombe

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma udaktari wa mifugo, mwaka wa nne. Nilipokuwa kwenye mazoezi kwa vitendo katika shamba moja nje kidogo ya Arusha, nilimkuta farasi jike mwenye uvimbe karibu na kinena. Ulikatwa mwaka uliopita, ukarudi mkubwa kuliko wa kwanza. Daktari wa pale alisema ni sarkoidi, na inaletwa na kirusi cha chunjua za ng'ombe. Tangu hapo nimekuwa nikisoma, na nimezidi kuchanganyikiwa. Inasemekana ndani ya uvimbe huo hakuna virusi kamili, DNA ya kirusi haijiungi na kromosomu za farasi, na protini yake iitwayo E6 haivunji p53, ile protini inayoilinda seli isigeuke saratani, kama tulivyofundishwa kuhusu HPV, kirusi cha chunjua cha binadamu. Sasa saratani inatoka wapi? Kwa nini ukiukata unarudi? Na je, PCR, kile kipimo cha kutafuta DNA ya kirusi, ikitoa jibu chanya, kazi imekwisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuchanganyikiwa kwako kuna sababu ya maana. Umeipima sarkoidi kwa kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi, na kipimo hicho hakiifai, ingawa virusi vya magonjwa hayo mawili ni vya ukoo mmoja. HPV ya aina ya 16 huangusha walinzi wa seli. E6 yake inaipeleka p53 ikavunjwe, E7 yake inaishika Rb, mlinzi mwingine, na seli iliyobaki bila mlinzi inakusanya makosa ya kijenetiki mwaka baada ya mwaka hadi inakuwa saratani. Kirusi cha ng'ombe kikiwa ndani ya ngozi ya farasi hakipiti njia hiyo. Kinatoa amri ya kukua, tena amri halali ambayo kila fibroblasti, seli inayojenga tishu ya ndani ya ngozi, inaitambua, halafu kinaizuia isizimike. Ukilishika hilo, hata suala la kisu utalielewa.

Sarkoidi ilielezwa kwa jina hilo na Jackson huko Onderstepoort, Afrika Kusini, mwaka 1936. Aliona kwamba uvimbe huu si chunjua za kawaida, wala si sarkoma inayosambaa mwilini. Mwaka 1951 Olson na Cook, Marekani, walichukua dondoo ya chunjua za ng'ombe wakaichoma kwenye ngozi ya farasi, na uvimbe unaofanana na sarkoidi ukaota. Mwaka 1977 DNA ya kirusi cha ng'ombe ikapatikana ndani ya uvimbe wa farasi walioupata kwa njia ya asili. Hapo mjadala wa nani mhusika ukawa umekwisha kwa sehemu kubwa. Lakini angalia tofauti moja ambayo vitabu huipita haraka: uvimbe ule wa majaribio ulinywea wenyewe baada ya muda, ilhali wa asili mara nyingi unakaa miaka. Kwa hiyo kirusi peke yake hakitoshi. Lazima pawepo na hali fulani ya ngozi, na farasi wa aina fulani. Nitalirudia hilo.

Wahusika wakuu ni BPV, yaani kirusi cha chunjua za ng'ombe, ya aina ya 1 na ya 2, na huko Brazil imepatikana pia aina ya 13. Kila kimoja kina duara la DNA ya nyuzi mbili. La aina ya 1 lilisomwa lote mwaka 1982 likakutwa na herufi 7,945, wakati jenomu ya farasi mwenyewe ina zaidi ya bilioni mbili. Duara hilo limebeba jeni za awali, ambazo majina yake yanaanza na E, na jeni mbili za mwisho, L1 na L2, zinazotengeneza ganda. Mwaka 1980 kundi la watafiti wa Marekani, wakiwemo Douglas Lowy na Peter Howley, lilionyesha kwamba kipande cha asilimia 69 tu cha DNA hiyo kinatosha kugeuza seli za panya zinazooteshwa maabara zikaanza kukua kama uvimbe. Jeni za ganda hazihitajiki kwa kazi hiyo. Basi sehemu ya kwanza ya kitendawili chako ilijibiwa kabla hujazaliwa: kutengeneza kirusi kamili ni kazi moja, kugeuza seli ni kazi nyingine, na ya pili haiitegemei ya kwanza.

Sasa tuje kwa mtenda kazi mkuu. Jina lake ni E5.

E5 ya BPV-1 ina asidi amino 44. p53 unayoitafuta, ile ya binadamu, ina 393. Ni miongoni mwa protini ndogo kabisa zinazojulikana kugeuza seli, na sehemu kubwa yake ni lusini na nyingine za aina hiyo zinazoyakimbia maji, ndiyo maana hujichomeka ndani ya utando na kukaa humo, hasa utando wa Golgi, sehemu ya seli inayopanga na kusafirisha protini. Si kimeng'enya. Haibandiki kitu wala haikati kitu. Ukiitazama peke yake utajiuliza inaweza kumdhuru nani. Madhara yake yanatokana na anayekutana naye humo ndani ya utando, yaani kipokezi cha PDGF cha aina ya beta.

Kipokezi hiki unakijua kwenye somo la uponaji wa vidonda, hata kama hukukihusisha na uvimbe. Ngozi ikichanika, chembe sahani za damu humwaga PDGF, protini inayoamuru seli zikue. Molekuli moja ya PDGF ina nusu mbili, kwa hiyo inaweza kushika vipokezi viwili kwa pamoja na kuvikutanisha. Vikikutana, kila kimoja kinabandika fosfeti kwenye tairosini za mwenzake upande wa ndani ya seli. Fosfeti hizo huita protini nyingine, PI3K ikiwa mojawapo, na habari inateremka hadi kwenye kiini: fibroblasti igawanyike, isogee kuelekea kidonda, itengeneze kolajeni. Kidonda kikianza kufunga, PDGF inapungua, vipokezi vilivyotumika vinamezwa na kuvunjwa, na fibroblasti inatulia. Mpangilio wote umejengwa juu ya sharti kwamba amri ina mwisho.

E5 inaivunja kanuni hiyo kwa njia rahisi mno. Molekuli mbili za E5 hushikana kwa sisteini zao, zile za nafasi ya 37 na ya 39, zikawa jozi. Jozi hiyo, ikiwa imelala ndani ya utando, inakishika kipokezi pale kinapopenya utando huo huo. Glutamini ya nafasi ya 17 ya E5 inakutana na threonini ya kipokezi, na asidi aspatiki ya nafasi ya 33 inakutana na laisini ya kipokezi iliyo nje kidogo ya utando. Kwa kuwa E5 ni jozi, inashika vipokezi viwili na kuvikutanisha, na fosfeti zinabandikwa. PDGF haipo, kidonda hakipo, lakini amri imetoka na inaendelea kutoka. Ni sawa na kitufe cha kengele ya mlango kilichobandikwa utepe: mgeni hakuna, kengele inalia mchana kutwa. Watafiti walifika hatua ya kukata sehemu yote ya nje ya kipokezi, ile inayoshika PDGF, na bado E5 ikakiamsha kilichobaki. Hapo hapana shaka tena kwamba haipiti mlango wa kawaida.

Sehemu kubwa ya haya iligunduliwa kwenye seli za panya, na ungekuwa na haki ya kuuliza kama farasi naye ni hivyo hivyo. Ni hivyo. Katika tishu za sarkoidi halisi E5 imekutwa imeshikamana na kipokezi cha beta, na kipokezi kimebandikwa fosfeti. Huko Glasgow, waliokuza fibroblasti za farasi zenye jenomu ya BPV-1 waliziona zikigeuka, njia ya p38, mojawapo ya njia za kupitisha amri ndani ya seli, ikiwa imewashwa. Pia zilizalisha kwa wingi vimeng'enya vya kuvunja kolajeni, hasa MMP-1. Hicho cha mwisho ukikumbuke utakapofika kwenye meza ya upasuaji, maana seli inayojivunjia njia kwenye dermisi, tabaka la ndani la ngozi, haiachi mpaka unaoonekana kwa macho.

E5 ina kazi ya pili, na kwangu mimi ni muhimu karibu sawa na ya kwanza. Inajishikiza kwenye pampu ya protoni ya Golgi na kuzipunguza kasi protini zinazopitia humo kwenda juu ya seli. Zinazokwama ni pamoja na MHC ya daraja la kwanza, zile sahani ambazo seli huzitumia kuonyesha vipande vya protini za ndani yake ili limfosaiti zikague. Seli yenye E5 inakua kwa amri ya uongo na wakati huo huo inajificha kwa wakaguzi. Ongeza hapo kwamba ndani ya uvimbe wa aina hii zimekutwa seli T za kudhibiti, zile zinazotuliza kinga, na utaelewa kwa nini uvimbe mkubwa unaweza kukaa waziwazi juu ya ngozi miaka mitatu bila mwili kuushughulikia.

E6 na E7 nazo zipo na zinafanya kazi, ila si ile uliyoitarajia. E7 ya BPV-1 haina ile sehemu ambayo E7 ya HPV-16 huitumia kuishika Rb. Badala yake inashika protini kubwa inayoitwa p600, na matokeo yake ni kwamba seli iliyong'oka mahali pake haijiui kama ilivyopaswa. E6 inashika paksilini, protini inayounganisha vishikizo vya seli na mifupa yake ya aktini, na mifupa hiyo inavurugika. Waliosoma jeni ya p53 kwenye sarkoidi kwa kawaida hawakuikuta na mabadiliko. Kwa hiyo ulichosoma ni sahihi kabisa. p53 mara nyingi iko pale ikiwa nzima, ila haikuzuia seli kutii amri ya kugawanyika.

Ndiyo maana nisingependa uandike neno saratani kwenye ripoti yako. Sarkoidi ni uvimbe wa fibroblasti unaopenya na kuharibu mahali ulipo, lakini hausafiri kwenda mapafuni wala inini. Seli zake kwa kawaida hazina vurugu kubwa ya kromosomu, kwa sababu walinzi hawakuangushwa. Hilo halimaanishi ni kitu cha kudharau. Farasi mwenye sarkoidi chini ya mkanda wa tandiko hapandiki, mwenye nayo kwenye kope anaweza kupoteza jicho, na wengine wanauawa kwa huruma kwa sababu ya uvimbe ambao kitabuni umewekwa kwenye safu ya zisizo hatari.

Suala la DNA kutojiunga na kromosomu nalo lina jibu lake. Duara la kirusi linakaa peke yake ndani ya kiini, nakala nyingi kwa kila seli, na tatizo lake ni moja: seli ikigawanyika, kitu kinachoelea kinaweza kuachwa nje ya viini vipya kikapotea. E2 ndiyo inayolitatua. Mkono mmoja wa E2 unashika DNA ya kirusi, mwingine unashika Brd4, protini ya farasi mwenyewe iliyokaa juu ya kromosomu. Duara linabebwa hivyo hadi kwenye seli zote mbili za kizazi kipya. Seli za sarkoidi zilipozimwa E2 kwa vipande vya RNA maabara, DNA ya kirusi ilipungua na seli zikapunguza kukua. Hapo unaona kwamba uvimbe unaendelea kukihitaji kirusi siku zote. Katika saratani ambazo mabadiliko ya jenomu yameshafanyika, mwanzilishi anaweza kuondoka na moto ukaendelea kuwaka. Kwenye sarkoidi mwanzilishi hajaondoka, na kwa mtafuta dawa hiyo ni habari njema.

Mbona basi virusi kamili havionekani? Kwa ng'ombe, BPV-1 inaanzia kwenye fibroblasti za dermisi, kisha ngozi ya juu inanenepa, na ni katika tabaka za juu za epidermisi, pale keratinosaiti, seli za tabaka hizo, zinapokomaa, L1 na L2 zinapoandikwa na maganda kutengenezwa. Chunjua ya ng'ombe hujaa virusi, na kwa kawaida hunywea ndani ya mwaka hivi. Kwa farasi, DNA ya kirusi imekaa zaidi kwenye fibroblasti, na fibroblasti haikomai kwa namna inayoziamsha jeni za mwisho. Wapo waliokuta dalili chache za maganda kwenye ngozi ya farasi, lakini kwa ujumla kirusi kimefika mahali ambapo hakizai. Kwa farasi ni hasara mara mbili: L1 isipotengenezwa kwa wingi, mfumo wa kinga hauoni ganda la kutengenezea kingamwili, na mgeni anabaki na E5 yake kimyakimya.

Sasa kisu. Daktari aliyekata mwaka uliopita pengine alikata vizuri. Tatizo ni kwamba ukingo wa sarkoidi hauonekani. Tafiti za kingo za upasuaji zimekuta DNA ya BPV kwenye ngozi inayoonekana safi pembeni ya uvimbe. Sasa fikiria kinachotokea dakika ile kisu kinapopita: damu inatoka, chembe sahani zinamwaga PDGF, na fibroblasti zote za eneo lile zinaitwa kazini, pamoja na zile chache zilizobaki na duara la kirusi ndani yake. Zile safi zitaitika na baadaye zitanyamaza. Zenye E5 zitaitika na hazitanyamaza. Kwa maneno mengine, upasuaji usiokamilika unazipa seli zilizobaki msukumo ule ule ambao kirusi kilikuwa kikiuiga. Hii ndiyo sababu ninayoiamini ya ule mtindo unaoufahamu: kidogo na tulivu kabla ya kukatwa, kikubwa na chenye vidonda baada ya kukatwa. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya sarkoidi ipende kuota kwenye makovu ya zamani.

Kwa hiyo anayekata akate kwa upana, bila kugusa uvimbe wenyewe kwa vifaa atakavyotumia kwenye ngozi safi, na mara nyingi aongeze kitu kingine: kugandisha kwa baridi kali, sindano za sisplatini ndani ya eneo, au mionzi pale inapopatikana. Karibu na jicho, BCG, ile ile ya chanjo ya kifua kikuu kwa watoto wachanga, imetumika kwa mafanikio kwa kuchomwa ndani ya uvimbe, lakini mnyama anaweza kupata mshtuko wa mzio baada ya sindano za kurudia, na huyo usimwache bila mtu wa kumwangalia. Sisplatini ni sumu kwa anayechoma pia. Sitaendelea zaidi hapa, matibabu yanahitaji jibu lake.

Nilisema kirusi peke yake hakitoshi. Farasi hawafanani mbele ya ugonjwa huu. Watafiti wa Uswisi walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba sarkoidi inahusiana na aina fulani za MHC, hasa ile inayoitwa W13, na kazi za baadaye zimeonyesha kwamba urithi wa ugonjwa huu unabebwa na jeni nyingi kwa pamoja. Mfano unaonigusa zaidi uko huku huku Afrika. Punda milia wa milimani wa Rasi, Afrika Kusini, walipungua hadi chini ya mia moja katika miaka ya 1950. Makundi yaliyoanzishwa baadaye kutokana na mabaki hayo, kama lile la Hifadhi ya Bontebok na la Gariep, yalikutwa na sarkoidi nyingi kupita kiasi, na DNA ya BPV ikathibitishwa. Wanyama wote wa kundi dogo namna hiyo wana ndugu wa karibu, na seti yao ya MHC ni finyu. Kama hakuna sahani inayoweza kuonyesha kipande cha kirusi vizuri, basi haipo kwa karibu kundi zima. Twiga na palahala nao wamekutwa na BPV huko, kwa hiyo usiwaze farasi peke yake unapomwona mnyama wa porini na uvimbe wa ngozi.

Kuhusu njia ya kuambukiza, ng'ombe ndio makao ya kirusi, na kukaa nao ni hatari inayoeleweka. Lakini aina kadhaa za BPV-1 zilizotolewa kwenye farasi zina mabadiliko katika E5 na katika eneo la DNA linaloongoza uandikaji wa jeni, na baadhi ya mabadiliko hayo yanafanya kazi vizuri zaidi ndani ya seli za farasi kuliko za ng'ombe. Hiyo inaashiria kirusi kilichoanza kuzoea mwenyeji mpya na kupita kwa farasi hadi farasi. DNA yake imekutwa kwa nzi waliokamatwa penye farasi wagonjwa, wakiwemo nzi wa zizi wanaouma. Linganisha na mahali uvimbe unapopenda kuota: kinena, tumbo, kope, masikio, pembe za mdomo, makovu. Ni pale ngozi ilipo nyembamba, jasho linapokaa na nzi wanapotua. Saisi anayetumia kitambaa kimoja kufuta vidonda vya farasi wote anaweza kufanya kazi ile ile ya nzi. Hilo ningelirekebisha kabla ya kumwambia mwenye shamba ahamishe ng'ombe wake, jambo ambalo hatalifanya.

Nikuongezee la chanjo, maana najua utaliuliza. Mwaka 1992 kundi la Lowy na John Schiller lilionyesha kwamba L1 ya BPV ikitengenezwa peke yake maabara inajipanga yenyewe kuwa ganda tupu, halina DNA, na kinga huliona kama kirusi halisi. Kazi hiyo ya chunjua za ng'ombe ni moja ya misingi ya chanjo ya HPV ambayo wasichana wa Tanzania walianza kupewa kitaifa mwaka 2018. Farasi waliochanjwa huko Vienna kwa maganda ya L1 ya BPV-1 walitengeneza kingamwili, na walipochomwa kirusi hawakuota uvimbe kama wale wasiochanjwa. Lakini wewe umeshajua kikomo chake: seli za sarkoidi hazionyeshi L1. Chanjo ya ganda inamzuia mgeni mlangoni, haimtoi aliyekwisha kuingia. Kwa farasi wako jike isingesaidia. Ndiyo sababu wengine wanajaribu chanjo za tiba zinazolenga E6 na E7, protini ambazo zipo ndani ya uvimbe muda wote.

Usichanganye haya na virusi vya farasi mwenyewe. EcPV ya aina ya 1 inaleta chunjua za puani na mdomoni kwa farasi wachanga, nazo huondoka zenyewe baada ya miezi. EcPV ya aina ya 2 inahusishwa na saratani ya sehemu za siri, inayotokea kwenye epithelia, inayoweza kusambaa, na huko ndiko masomo yako ya HPV yatakufaa zaidi. Farasi jike mwenye uvimbe karibu na kinena unapaswa kumwangalia na vulva pia, ili uwe na hakika unazungumzia ugonjwa upi.

Hilo linanileta kwenye PCR. Jibu chanya la pamba iliyopitishwa juu ya ngozi halithibitishi sarkoidi. DNA ya BPV imekutwa kwenye ngozi nzima isiyo na uvimbe wowote, hasa kwa farasi wanaoishi na ng'ombe au na farasi wagonjwa. Jibu hasi nalo halimwondoi mgonjwa kwenye orodha, kwa sababu ngozi ikiwa haijachubuka, DNA iko chini kwenye dermisi na pamba haiifikii. Inayoamua ni histolojia, yaani kuichunguza tishu kwa hadubini: epidermisi iliyonenepa na kuteremsha vidole virefu chini, na fibroblasti zilizojipanga wima dhidi ya mpaka wa epidermisi au kuzungukana kama mizizi. PCR ya tishu ya ndani inaitilia nguvu, na ni ya thamani zaidi pale ambapo uvimbe umechubuka ukafanana na nyama ya ziada ya kidonda, kwa sababu hapo hata jicho la mtaalamu linakosea.

Ugumu ni kwamba kuchukua kipande ni kujeruhi, na kujeruhi umeshaona kunafanya nini. Sarkoidi tulivu iliyochokolewa bila mpango inaweza kugeuka kuwa ile ya kuchanua na kutoa damu. Kwa farasi huyo ningeshauri mambo mawili: mkubaliane na mwenye shamba kuhusu tiba kabla ya sindano ya ganzi kuchomwa, na sampuli itoke kwenye uvimbe utakaoondolewa wote siku hiyo hiyo. Gawa kipande mara mbili. Kimoja kiingie kwenye formalini kwa ajili ya histolojia, kingine kiwekwe kwenye chupa tupu safi ndani ya barafu kwa ajili ya PCR, kwa sababu formalini hukatakata DNA, na maabara ikikurudishia jibu hasi kutoka kwenye tishu iliyokaa humo wiki mbili hutajua lolote.